Kamusi Isiyo na Mwanzo

Juzi nilinunua karanga kwa mama mmoja hapa Bweremana, kwenye njia inayoshuka ziwani, akanifungia katika karatasi iliyosokotwa kama pembe. Zilikuwa bado za moto. Mafuta yakaanza kupenya, na ile harufu ya karanga na karatasi kwa pamoja ikanipanda puani, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilimwaga karanga mfukoni mwa koti, nikafungua karatasi nione imeandikwa nini. Ulikuwa ukurasa wa daftari la mtoto wa shule, hesabu za kugawanya, nusu yake zimekosewa. Nilishindwa kuutupa. Niko nao hapa mezani ninapoandika, na karanga nilizila zote bila kusikia ladha yake.

Kazi yangu ni kupiga chapa barua za watu: maombi ya kazi, malalamiko, mialiko ya arusi. Wateja wanalalamika kwamba ninachelewa, na ni kweli. Naisoma barua mara tatu kabla ya kuitoa, na ikishatoka naisoma tena, nikiomba nisione kosa na papo hapo nikilitafuta. Aya iliyo hapo juu nimeiandika mara sita. Nayasema haya mapema ili wewe wa rika langu, ambaye labda nawe ulikulia kule juu milimani, usidhani maneno yananitoka kirahisi. Hili hasa halijawahi kunitoka.

Tulikaa Masisi, juu ya mlima, mahali ambapo asubuhi ukungu unalala chini ya miguu yako na ng'ombe wa majirani wanasikika kabla ya kuonekana. Mama alilima viazi na maharagi. Papa alikuwa Rubaya akibeba magunia ya mawe ya madini ya koltani kutoka mashimoni hadi barabarani. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na kila aliporudi mgongo ulikuwa umeinama kuliko mwezi uliopita. Kaka Bahati, mkubwa wangu, alikuwa amemaliza sekondari na hakuwa na kazi. Alichokuwa nacho ni klabu ya Kiingereza.

Klabu ilikutana Jumamosi mchana katika ghala la viazi la kanisa. Walikuwa vijana tisa, na mimi wa kumi, mwenye miaka kumi na moja, nimekaa juu ya gunia. Mpaka leo Kiingereza kwangu kina harufu ya viazi vilivyoanza kuota. Walinikubali kwa sababu nilikuwa nakariri haraka kuliko wao, na kwa sababu Kaka alisema kama sipo, naye hayupo. Hatukuwa na kitabu. Tulikuwa na maneno tuliyoyasikia redioni na yale ambayo Kaka aliyanakili shuleni, na tulikuwa tumeyamaliza yote.

Kisha siku moja Mama alinituma chumvi kwa Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka kando ya barabara. Nilimkuta akichana ukurasa wa kitabu kinene kuliko Biblia ili afungie mteja karanga. Nilikimbia kumwita Kaka. Alipofika alikuwa anahema.

"Papa Kasereka, hii buku ulitosha wapi?" Kaka aliuliza ilikotoka.

"Goma, ku soko. Nilinunua kwa kilo. Karatasi yake iko muzuri, haipitishi mafuta mbio."

"Lakini hii ni kamusi ya Kiingereza."

"Ilikuwa kamusi. Sasa iko ya karanga."

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Kaka hakucheka. "Utuuzie, Papa."

"Nikiuza, karanga nitafungia mu nini? Mu mukono? Munipatie karatasi, kilo kwa kilo, mi nawapa. Lakini mukimbie. Kesho namaliza G."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshakula A mpaka F, na G ameila nusu. Siku ile ile tulizunguka nyumba kwa nyumba tukiomba madaftari yaliyojaa. Papa Kasereka aliiweka kamusi upande mmoja wa mizani, na sisi tukapanga madaftari upande wa pili, la kwanza, la pili, la kumi. Nilitoa yangu yote, hata lile la mwaka wa tatu ambalo mwalimu aliandika kwa biki nyekundu kwamba hakuna kosa hata moja. Nililitazama likishuka pale juu ya rundo. "Bado," alisema Papa Kasereka. "Mambo ya Wazungu iko nzito." Kaka akavua koti, akatoa daftari lake la fizikia alilolihifadhi tangu mtihani wa mwisho, akaliweka. Mizani ikakaa sawa.

Sasa lazima nieleze kitu ambacho watu wa huko wanakijua na wengine labda hawakijui. Sisi tumejifunza kukimbia. Milio ya risasi ikisikika upande wa pili wa bonde, kila nyumba ina mpango wake, na mpango ni kugawa mizigo. Mmoja anabeba unga, mwingine sufuria, mwingine chumvi na kibiriti, ili mtu mmoja akipotea njiani vitu vyote visipotee naye. Mkishakutana mahali penye usalama, kila mtu anatua alichobeba, ndipo mnapika. Kuna sharti moja tu, na watoto wanafundishwa kabla ya kujua kuhesabu: mzigo ulioubeba huuli peke yako njiani. Mimi nilikuwa nimebeba chumvi mara mbili. Nilikuwa najivunia chumvi.

Kaka ndiye aliyesema tugawe kamusi vivyo hivyo. "Tukikimbia na kitabu kizima, mwenye kukibeba akianguka, sisi wote tumekuwa bubu." Tukaikata kwa kisu, tukashona kila fungu kwa uzi wa magunia. Kila mtu angekaa na herufi zake nyumbani, azijue, na Jumamosi aje kuzitua mbele ya wengine. Kaka alichukua S mpaka mwisho. Mimi nilipewa zile kurasa za mwanzo, nusu ya G, kwa sababu hakuna aliyezitaka. Zilikuwa na madoa ya mafuta kiasi kwamba ukiziinua kwenye mwanga unaona maneno ya pande zote mbili kwa pamoja.

Humo ndimo nilimokikuta kitenzi changu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, herufi mbili, go, ambalo kila mtu kwenye klabu alidhani analijua: kwenda, basi. Lakini maelezo yake yalijaa ukurasa mzima na kuingia wa pili. Maana ya kwanza ilikuwa kwenda. Zilizofuata zilinitia hofu. Maziwa yakichacha, ni neno hilo. Mashine ikiwaka na kufanya kazi, ni hilo. Rangi mbili zikipatana, ni hilo. Fedha zikiisha, mtu akifa, kengele ikilia, njia ikielekea mahali, ni hilo hilo. Nilikuwa mtoto ambaye akiambiwa kuna maana thelathini hawezi kulala akiwa na ishirini na tisa. Nilianza kuzinakili katika daftari jipya, maana kwa biki ya buluu, mfano kwa nyekundu, na nikikosea herufi moja nachana ukurasa naanza upya. Daftari lile nililiandika lote mara tatu.

Mwishoni mwa maelezo kulikuwa na maneno madogo yaliyolala upande, na mara nyingi yalianza na herufi mbili, O na E. Kwa majuma mawili niliamini kwamba O.E. ni mzee fulani wa Uingereza aliyetunga maneno na kutia sahihi yake kwenye kila moja. Nilimwonea huruma kwa kazi nyingi. Nilipomwuliza Kaka kama mzee huyo aliacha watoto, alicheka mpaka akakaa chini.

"Si mutu. Ni Kiingereza ya zamani. Babu ya hii ya leo."

"Kwa hiyo iko babu."

"Iko babu, lakini haina ndevu."

Kitu kimoja kilinisumbua zaidi. Maneno mengine ya Kiingereza, ukiyapeleka jana, yanabaki na sura yake, kama mtoto anavyofanana na mama. Hili likienda jana lilikuwa na sura ya mtu baki kabisa, went. Nilimwambia Kaka. Tukakaa nje ya nyumba mchana mmoja, yeye na W yake, mimi na G yangu, kurasa zimewekwa bega kwa bega juu ya gunia, tukitafuta. Tulilipata kwenye W. Ile jana haikuwa ya kitenzi changu. Ilikuwa ya kitenzi kingine, wend, kilichokuwa na maana ya kugeuka na kushika njia. Kitenzi changu kilikuwa na jana yake hapo zamani, ikafa, na watu wakakichukulia ya jirani.

"Na jirani alibaki na nini?" niliuliza.

Kaka akafuatisha mstari kwa kidole. "Alijitengenezea ingine."

Alinitazama kama mtu mzima mwenzake. Akaniambia kwamba katika Masisi yote hakuna anayejua jambo hilo isipokuwa sisi wawili, na nilimwamini, na labda ilikuwa kweli. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Naisema bila aibu.

Mwezi uliofuata ilifika habari kwamba huko Walikale kuna shirika linalotafuta mtu wa kutafsiri. Kaka alikuja jikoni akasimama mlangoni.

"Tutaenda sisi wawili," aliniambia. "Mi nitaongea, wewe utatosha kaye, ile daftari yako. Wakiona mutoto wa miaka kumi na moja anajua neno moja mpaka ku mizizi, hawatatafuta mutu mwingine. Na wewe watakulipia masomo, utaona."

Leo ninajua jinsi tulivyokuwa tumepotea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona mtu akifanya kazi kwa Kiingereza. Mashindano tuliyoyajua ni yale ya Biblia kanisani, ambapo mchungaji anataja kitabu na sura, na anayekumbuka mistari mingi ndiye anayeshinda. Tulidhani na huko watataja neno, na mwenye maana nyingi ndiye atakayepewa kazi. Nilijiona nimesimama mbele ya meza, nguo imepigwa pasi, naanza maana ya kwanza, nakwenda bila kusita mpaka ya mwisho, na wale watu wakubwa wamenyamaza wananisikiliza. Nilikuwa nataka hilo tu. Masomo yangekuja au yasije. Nilitaka wanyamaze.

Siku mbili kabla ya safari Mama alinisuka. Alinikalisha kati ya magoti yake, nje, akapaka mafuta, akasuka mistari midogo midogo iliyochukua mchana mzima, yeye ambaye kwa kawaida alininyoa ili asipoteze muda wa shamba. Alifua nguo yangu ya Pasaka akaianika. Nilimkariria maana zangu zote huku akisuka, na yeye, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha salamu, alikuwa akiitikia "ee" baada ya kila moja.

Jioni ya kuamkia safari, hofu ikanishika. Vipi kama kuna kosa ambalo macho yangu yamelizoea? Nilimpelekea Kaka daftari mwenyewe. Hakuniomba. Huwa narudia jambo hili kichwani kuliko mengine yote: mimi ndiye niliyempa. "Nitazamie mara ya mwisho," nilisema. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka ndani ya koti.

Asubuhi Mama alinituma maji kwenye chemchemi ya mbali. Alisema ya karibu imechafuliwa na ng'ombe. Niliteremka mbio, nikapanda na kidumu kichwani nikijihadhari nisilowe nywele. Nilipofika uwanjani niliona alama ya gurudumu la pikipiki kwenye matope, mpya, ukingo wake bado mkali. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Kaka iko wapi?"

"Ameenda."

"Na mimi?"

"Moto moja ya magurudumu mbili haiwezi kubeba watu watatu mpaka Walikale."

"Ku arusi tulipanda wane."

Aliendelea kumenya. "Ile njia haiko ya mutoto."

"Na kaye yangu?"

"Ile ilikuwa muzigo ya wote," alisema. "Wewe ulibeba. Mwenye nguvu njo yeye anafikisha."

"Mama, ulinisuka."

Hapo kisu kilisimama kidogo. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Papa yako hawezi tena kupanda ile milima. Unataka akufie Rubaya juu ya kaye?"

Alisema kweli, na mpaka leo ni kweli. Ndiyo maana inauma. Mtu akikuibia kwa ubaya wake, unaweza kumchukia ukapumzika. Lakini Kaka aliipata kazi ile. Ndani ya miezi michache Papa aliteremka Rubaya hakurudi tena kule. Nyumba ilipata mabati mapya. Mimi nilivaa viatu vilivyonunuliwa huko Walikale, nikasomeshwa miaka miwili ya sekondari kabla vita havijatuondoa, na mengine nikajifundisha mwenyewe. Nilikula, nikashiba. Kila tonge lilikuwa na jibu la swali la Mama ndani yake.

Klabu ilikufa. Jumamosi ya kwanza baada ya safari walikuja wote ghalani, nami nilikwenda na kurasa zangu kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kijana aliyeshika M aliniuliza S mpaka mwisho ziko wapi. Nikasema zimekwenda na Kaka. Wakatazamana. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kaka yako amekula chumvi njiani." Kisha wakaondoka mmoja mmoja. Nadhani walihisi kwamba nilijua mpango wake. Nilikuwa bado na mistari kichwani, imesukwa vizuri, kama mtu aliyejiandaa kwa sherehe.

Kaka tulikuwa tukionana. Alikuja kwenye mazishi ya Papa, alikuja kwenye arusi za jamaa, na mimi sikumwuliza kitu. Nilikuwa natunga swali, nalisahihisha, naona bado halijakaa sawa, naliacha mpaka mara nyingine. Miaka ikapita hivyo. Mwezi uliopita alikuja Bweremana kumtembelea Mama, ambaye sasa anakaa nami, akamleta binti yake Neema, wa miaka kumi na miwili. Kaka amenenepa. Anacheka polepole. Tulipokuwa tumekaa baada ya chakula, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na bugali, swali lilitoka lenyewe bila kusahihishwa.

"Kaka, ile kaye yangu. Walisema nini juu yake?"

Ilimchukua muda kukumbuka. "Ile ya neno moja? Hawakuifungua. Kulikuwa na mama mumoja alikuja na mutoto mugonjwa, wakaniambia, haya, tafsiria huyu. Nikatafsiri dakika tano. Wakasema inatosha, utaanza kesho."

"Hawakuifungua."

"Niliweka pale ku meza ya secrétaire. Kisha nikaisahau." Alitabasamu. "Lakini njiani niliisoma yote. Ulikuwa mutoto wa ajabu, dada."

Niliuliza kama aliwaambia ni ya nani. Akasema hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa ameketi pale, akiokota samaki wadogo mmoja mmoja kwenye sahani.

Basi Kaka akaeleza kilichomleta. Shuleni kwa Neema kutakuwa na mashindano ya Kiingereza mbele ya wazazi na wageni. Kila mtoto anachagua neno na kueleza maana zake na asili yake. Atakayeshinda atasomeshwa bure mwaka ujao, na Neema anaitaka nafasi hiyo mpaka hali chakula. "Umuandikie kama ulivyoandika ile," alisema. "Lile lile neno. Wewe njo unalijua."

"Mufanyie," alisema Mama. "Ni damu yako."

Nikamfanyia. Nilikaa siku tatu. Sikuwa na kurasa zile tena, zilibaki Masisi siku tuliyokimbia mara ya mwisho, lakini sikuzihitaji. Nilitumia biki ya buluu kwa maana na nyekundu kwa mifano, na sikuchana ukurasa hata mmoja, mkono ulikuwa unakumbuka. Niliandika maziwa yanayochacha, mashine, rangi, kengele. Niliandika asili yake, jinsi jana yake ilivyokufa ikachukuliwa ya jirani. Nilipomaliza ya mwisho niliyoijua, nikaongeza nyingine. Niliipa namba, nikaiandikia mfano kwa nyekundu, kwa mwandiko ule ule safi: kurudi kumchukua mtu uliyemwacha nyumbani.

Neno hilo halina maana hiyo. Nimelichunguza tangu nikiwa na miaka kumi na moja, katika kila kamusi iliyopita mikononi mwangu na katika simu, na halina. Naungama hapa kwa sababu sijui niungame wapi kwingine. Sikukosea. Mimi sikosei namna hiyo.

Neema alizikariri zote kwa siku mbili. Asubuhi ya kurudi kwao alisimama mbele yangu, mikono nyuma, nguo imepigwa pasi, akaanza ya kwanza akaenda bila kusita. Alipofika ile ya mwisho sauti yake ilibadilika, ikawa ya chini kidogo.

"Tantine," alisema, "hii njo inanifurahisha kupita zote. Nitamalizia nayo, wageni wakiwa wamenyamaza."

Daftari lilikuwa wazi mikononi mwake. Biki ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Baba yake alipiga honi barabarani, naye akalifunga, akalitia kifuani ndani ya sweta, akatoka mbio. Mashindano ni Ijumaa hii. Leo ni Jumatano, namba ya simu ya Kaka ninayo, sijampigia, na ninaisoma barua hii ya mteja kwa mara ya nne.